Bei Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Kwa mwenye alikosa gazeti la wiki iliyopita, nitasema kwa kifupi, maana hata mimi kurudia kunaniumiza. Mume wangu Anaclet alitoka na bidhaa kwenda Ariwara mwezi wa tatu. Hakurudi, na bidhaa hazikurudi. Duka letu likafungwa. Mimi Bernadette, mama Clarisse, katibu wa kikundi cha kina mama wa avenyu yetu hapa Ngezi, mjini Bunia, nikaanza kufanya kazi za nyumba kwa watu.

Ndiyo, weye mwenye unasoma, umeelewa vizuri. Kufua, kupangusa, kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Asubuhi tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muuguzi mmoja wa mtaa wa Mudzi-Maria anayeitwa madame Annette. Ngezi hawakujua. Nilikuwa natoka na mfuko wa vitenge begani, na majirani walifikiri naenda kuviuza maofisini.

Siku ya kwanza madame Annette aliniuliza nataka mshahara gani. Nikajibu vile sisi wote tunajibu, kwa sababu mtu mwenye adabu hataji bei yake mwenyewe mbele ya mwenye nyumba. Nikasema, "Utanipa chenye roho yako itakuambia."

Roho yake haikumwambia kitu. Aliuliza kwa watu, na watu wakamwambia kwamba kina mama wa Ngezi wana bei yao iliyoandikwa: nusu siku, mara tatu kwa wiki, franka elfu makumi ine, yaani arobaini, kwa mwezi. Akanipa hiyo. Nikapokea kwa mikono miwili na kusema asante, maana ningekataa kwa mdomo gani?

Ile bei niliiandika mimi.

Sitajificha. Miaka miwili iliyopita watu wengi walikuwa wamekimbia vita na kuingia Bunia, na wanawake walikuwa wanabisha kila mlango kuomba kazi. Kila mama alilipa vile alivyotaka. Wengine wakaanza kulalamika kwamba fulani anaharibu bei. Mama Madeleine, prezidenti wetu, akasema tukae tukate bei moja. Tulikaa kwangu. Berthe, mama mmoja wa kijiji cha Gety aliyekuwa ananifanyia kazi, ndiye alikuwa anatupa chai.

Nikawaambia wenzangu kwamba hawa wanakaa karibu, hawapandi pikipiki, saa sita wanakula hapahapa kwetu, elfu makumi ine inawatosha kabisa. Niliyasema Berthe akiwa amesimama nyuma yangu na birika mkononi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mama Madeleine akasema, katibu, andika. Nikaandika, na kwa akili yangu mwenyewe nikaongeza mstari wa pili, kwamba mama atakayelipa zaidi atatoa faini.

Huyo ndiye mimi. Na hapo bado nilikuwa na duka.

Sasa shida yenyewe. Binti yangu wa pekee, Clarisse, ana mimba ya miezi mitatu. Mimba ni ya Aimé, na Aimé ni mtoto wa mama Madeleine. Jumamosi hii familia yao ilikuwa ije kwetu kujijulisha na kuanza mazungumzo ya ng'ombe wa mahari. Clarisse hakutaka kumwambia mtu, hata Aimé mwenyewe, kabla ya siku hiyo. Alisema anataka waje kwa sababu wanamtaka yeye, wasije kwa sababu wamekamatwa. Aliniapisha mbele ya rozari yangu, na mimi nikaapa.

Na mama Madeleine namjua. Mwaka jana alimkataa msichana mmoja mzuri sana juu ya mama yake kufua nguo za watu. Akikuja kujua habari za Mudzi-Maria, Jumamosi hakuna mtu atakayepita mlango wetu. Mjukuu wangu atazaliwa bila baba, na Clarisse atabaki kusemwa avenyu nzima.

Jumapili baada ya misa, kikundi kikaitwa haraka. Wafanyakazi wa nyumba wa avenyu yetu, watu kumi na mmoja, walikuwa wameelewana pale kwenye bomba na kumtuma Berthe aseme kwa niaba yao. Nilipokosa uwezo wa kumlipa, Berthe alikuwa amehamia kwa mama Madeleine, kazi ileile, bei ileile.

Nilipomwona anaingia nikainamia daftari langu. Wiki tatu kabla, alikuwa amepita karibu na uzio wa madame Annette na kunikuta naanika mashuka. Tuliangaliana. Akanisalimu tu, "Jambo, mama," akaendelea na njia yake. Tangu siku hiyo nilikuwa nangoja habari itoke, na haikutoka.

Alisimama, akaeleza bila kupandisha sauti. Sabuni imepanda, unga umepanda, makala ya kupikia, yaani mkaa, yamepanda, bei yao imelala palepale miaka miwili. Wanaomba ikatwe upya. Mama Madeleine akamuuliza kuna ugumu gani katika kazi ya nusu siku, kazi ambayo kila mwanamke anaifanya kwake bure.

Berthe akajibu, "Mama prezidenti, siye tukisema bei, mutasema tunaongeza. Muchague mama moja kati yenu. Afanye kazi yangu kwako, asubuhi moja tu, kutoka saa moja mpaka saa sita. Akimaliza, yeye ndiye atakata bei, na siye tutaifuata."

Kina mama walicheka. Lakini lilikuwa jambo la haki. Mama Madeleine alikubali haraka. Alijua mama yeyote atakayechaguliwa atakuwa wa upande wetu. Akauliza basi nani. Berthe akanyoosha kidole kwangu.

"Mama Clarisse. Ni yeye aliandika."

Siku ya kazi ilipangwa Alhamisi. Jioni ya Jumatano nilikwenda kumtafuta kule anakopanga. Nilikuwa na hasira na woga pamoja, na sikumpa hata salamu. Nikamuuliza nimemkosea nini hata aamue kunianika mbele ya watu, siku mbili kabla ya siku ya mtoto wangu. Aliniwekea kiti, akakipangusa kwanza kwa kanga yake.

"Sina neno na weye, mama," akasema. "Wale wengine watasema bei ya kufikiria. Nilikuchagua weye juu ya weye unajua."

Nilirudi nyumbani bila kukalia kile kiti.

Alhamisi saa moja nilikuwa kwa mama Madeleine. Kina mama walikuwa tayari wamepanga viti chini ya payote, kile kibanda chake cha majani, na chupa za chai na mikate ya mafuta, utafikiri wamealikwa harusi. Berthe alikuwa amekaa katikati yao kwenye kiti cha wageni, ukingoni, mikono juu ya magoti. Mama Madeleine akanipa orodha. Bidoni kumi za maji kutoka bomba la chini, mashuka ya vitanda vinne, sombe ya watu wanane, kupangusa nyumba nzima, mashati ya Aimé kwa pasi ya makala.

Nikasimama pale uani na kuanza kuhesabu taabu zangu. Nikiifanya ile kazi vizuri, watasema ni rahisi, na watajiuliza nimejifunzia wapi. Nikiifanya vibaya, watasema ni juu ya mikono yangu laini ya dukani, Berthe angekuwa amemaliza zamani. Kokote nilikogeuka niliona ukuta, na ukuta wenyewe nilikuwa nimeujenga.

Nikaamua kujifanya mjinga. Bidoni ya kwanza nikaimwaga nusu njiani. Nikauliza sabuni inakaa wapi wakati nilikuwa naiona. Nikashika mchi vibaya makusudi, majani yakaruka nje ya kinu. Kina mama walicheka mpaka machozi, na mama Madeleine akapiga kelele kwamba mukwe wake atawaua kwa njaa. Nilicheka nao. Berthe hakucheka.

Lakini hii kazi, ndugu zangu, ukiizoea huwezi kuidanganya muda mrefu. Kufika saa tatu jua limewaka, mgongo unauma, na bado mashuka yote. Nilisahau kujifanya. Nilipokuja kujikumbuka, nilikuwa nimeyafua yote, nimeyakamua kwa kuyazungusha kwenye mkono mpaka kwenye kiwiko, na nimeyaanika upande wa ndani nje ili jua lisile rangi. Payote nzima ilikuwa inaniangalia.

Mama mmoja akasema taratibu kwamba mama Clarisse anafua kuliko hata Berthe. Nikajibu kwamba mimi ni mwanamke, nimelelewa na mama mkali, kufua kutanishinda kwa nini. Wakacheka kidogo. Ikapita. Nikamshukuru Mungu na kuingia ndani kupiga pasi.

Saa sita kasoro nilikuwa nimemaliza kila kitu. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana, na sikuwa na nguvu hata ya kusema. Mama Madeleine akaja mpaka kwenye mlango wa jikoni kuangalia kazi. Akaangalia sakafu, akaangalia mashati, akatingisha kichwa kwamba ni vizuri.

Hapo ndipo nilipojiua.

Kwa madame Annette, saa sita ikifika hutoki hivihivi. Unachukua mfuko wako, unaufungua mbele yake, unautikisa kidogo aone ndani hukubeba kijiko wala sabuni, kisha anakuambia uende. Kina mama wa Ngezi wote wanawafanyia watu wao hivyohivyo. Mimi mwenyewe nilimfanyia Berthe miaka minne.

Nikachukua mfuko wangu wa vitenge pale msumarini. Nikaufungua kwa mikono miwili. Nikauinamisha mbele ya mama Madeleine na kuutikisa, macho yangu chini, nikingoja aniambie niende.

Naye akaangalia ndani. Alishaangalia kabla hajajua anaangalia mfuko wa nani.

Nilisikia redio ya jirani. Nikauona mfuko wazi mikononi mwangu, nikatamani ardhi inimeze, mimi na vitenge vyangu vitatu.

Berthe akainuka. Akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, akawaambia kina mama kwamba ni yeye amenifundisha asubuhi njiani. Alisema aliniomba nifanye kila kitu vile wao wanafanya, hata mambo ya mfuko, ili siku iwe kamili. Alisema hata hivyo nimesahau kupiga magoti kidogo. Kina mama wakaangua kicheko. Mmoja akasema mama Clarisse angekuwa mchezaji wa sinema.

Ananiokoa. Yule mwanamke niliyemkatia bei akiwa na birika langu mkononi, ananiokoa bure, na hakuniomba kitu.

Mama Madeleine akanishika mkono na kunipeleka kwenye kiti katikati ya payote. Akasema sasa neno ni langu, nikate bei tumalize, maana yeye Jumamosi ana safari kubwa ya kwenda kwa mukwe wake. Wote wakapiga makofi. Akanikaza mkono.

Bei nilikuwa naijua. Hakuna mtu Ngezi aliyekuwa anaijua kuliko mimi. Nilikuwa nimeishi na ile elfu makumi ine, najua inaisha tarehe ngapi. Bei ya haki ilikuwa makumi munane, na kipande cha sabuni cha kupeleka nyumbani, na mfuko wa mtu usifunguliwe. Yote hayo yalikuwa kwenye ulimi wangu. Nikamwangalia Berthe, naye alikuwa ananiangalia, amekaa sawasawa kwenye kiti sasa, mgongo umeegemea.

Nikawaza, nikisema makumi munane wataniuliza nimejuaje. Nikamuwaza Clarisse.

Nikasema, "Makumi ine inatosha."

Usinitetee, msomaji. Nimekwisha kujitetea mwenyewe usiku na mchana na haikusaidia. Nilisema kwa sauti ya kusikika, na nikaongeza kwamba kazi nimeiona, si mbaya, inaisha kabla ya jua kuwa kali. Kina mama walifurahi. Mama mmoja akaimba kidogo.

Berthe akasimama, akasema asante mama, akatoka mlango wa parseli, ule wa uzio wa nje, bila kugeuka. Angenitukana ningesikia nafuu.

Kina mama wakamaliza chai, wakaaga mmoja mmoja, kila mmoja akinibusu na kusema Jumamosi atakuja kunisaidia kupika. Nikachukua mfuko wangu nami niende. Mama Madeleine akaniambia ningoje kidogo. Alingoja mpaka wa mwisho avuke barabara, akaketi mbele yangu na kujimiminia chai iliyobaki.

"Berthe anajua kudanganya," akasema. "Lakini miye nafunguza watu mifuko miaka kumi na tano. Mutu mwenye amefundishwa asubuhi hainamishi kichwa vile. Ni kwa nani?"

Nilijaribu kusema sielewi. Akarudia swali, polepole, na mimi nikamwambia yote: Anaclet, duka, Mudzi-Maria, madame Annette, miezi mitano. Nililia, sitasema uongo. Nilipiga magoti kwenye ile sakafu niliyoipangusa mimi.

Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Aliniinua, akanipa kitambaa. Akasema mambo ya dunia hayana mwenyewe, leo ni kwangu kesho ni kwake. Akasema Aimé anampenda Clarisse na yeye hataki kumvunja mtoto wake moyo. Jumamosi watakuja vile walivyosema. Hakuna atakayesikia neno kutoka kinywani mwake.

Nilitaka kumbusu mikono. Akanizuia.

"Ila yule Berthe amenichosha na kinywa yake. Namufukuza leo," akasema. "Na miye siwezi kukaa bila mutu. Utakuja weye. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Bei umeikata weye mwenyewe."

Nilifikiri ni mzaha. Nikamwangalia vizuri na kuona si mzaha. Nikamwambia kwamba Jumatatu nitakuwa mama mkwe wa Aimé, na kwetu mama mkwe haingii hata chumba ambamo mkwe wake analala, sembuse kumfulia mashuka na nguo za ndani. Clarisse akijua, atakufa kwa haya. Aimé akijua, atakimbia.

"Nani atajua? Utaingia ku mlango ya nyuma," akasema, na kukoroga chai.

Nikauliza ni mpaka lini. Akasema tutaona. Nikamuomba basi angalau aongeze bei kidogo, maana nitaacha kwa madame Annette na nyumbani tuko wawili. Nilijisikia mwenyewe nikiomba, na nikajua ninachoomba ni kile nilichowanyima watu kumi na mmoja saa moja iliyopita. Mama Madeleine akacheka kwa mara ya kwanza tangu tubaki wawili. Akasema bei ni ya kikundi, hawezi kuiharibu, kuna faini.

Mlango wa parseli ukalia. Wote wawili tukageuka.

Alikuwa Berthe. Alikuwa amerudi kuchukua kanga yake ya kazi iliyobaki kwenye kamba, na sijui alikuwa amesimama pale nje tangu lini. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alipita mbele ya mama Madeleine bila kumsalimia, akatoa kanga yake kwenye kamba, akaikunja. Kisha akarudi mpaka mlangoni na kuushika ukiwa wazi.

"Mama Clarisse, chukua mufuko yako," akasema. "Toka hapa. Twende."

Baada ya yale niliyomfanyia, ananiambia twende. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Mama Madeleine hakusimama. Aliweka kikombe chini, akasema kwa sauti ileile ya upole kwamba mimi ni mtu mzima, njia ni yangu.

"Lakini ukipita pale mulangoni na huyu," akasema, "Jumamosi musitungoje."

Nikasimama katikati ya ua. Berthe kule ananingoja, mkono wake kwenye mlango. Mama Madeleine huku ananiangalia juu ya kikombe. Berthe hakujua kwamba Clarisse ana mimba, na mama Madeleine pia hakujua. Kati yetu watatu nilijua mimi peke yangu, na nilikuwa nimeapa.